mRDT ya malaria ikikupa jibu lisiloeleweka: tatizo, vyanzo na la kufanya

Malalamiko kuhusu kipimo cha haraka cha malaria ni yale yale, zahanati hii na ile. Mstari wa C, ule wa udhibiti (control), haukutoka. Mtoto anachemka lakini jibu ni hasi. Dozi imeisha na mistari bado ni miwili. Kituo kimoja kimesoma Pf, kingine kimesoma Pan, mgonjwa ni yule yule. Nimeyapanga hapa jinsi yanavyoletwa. Kila tatizo lina vyanzo vyake, kuanzia kinachotokea sana hadi cha nadra, na ukaguzi mwepesi unatangulia. Nimewalenga zaidi wahudumu wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini mzazi anayetaka kuelewa alichooneshwa kwenye kaseti, kile kiplastiki chenye kitepe cha kipimo, ataambulia kitu pia.

Kwanza: kitepe kinatafuta nini

mRDT haioni vimelea. Inanasa protini ambazo vimelea huzimwaga kwenye damu, na karibu kila jibu la kushangaza linaanzia hapo. Damu ikiingia kwenye tundu lake na bafa, yaani maji maalumu ya kipimo, ikafuata, maji hupanda kwenye kitepe yakibeba kingamwili zilizounganishwa na chembe ndogo mno za dhahabu. Chembe hizo ndizo zinazoleta ile rangi ya wekundu wa zambarau. Protini ya malaria ikiwepo, inashikwa, inasafiri nazo, kisha inakwamishwa na kingamwili nyingine zilizopakwa kwenye mstari wa kipimo. Zinazobaki hupita na kwenda kuishia kwenye mstari wa C.

Protini zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni HRP2, inayotengenezwa na Plasmodium falciparum, mojawapo ya aina za vimelea vya malaria, peke yake, ndiyo maana mstari wake umeandikwa Pf. Ya pili ni pLDH, kimeng'enya ambacho vimelea vya aina zote hukitumia kupata nguvu kutoka kwenye sukari. Kuna kingamwili zinazoshika pLDH ya aina yoyote, na mstari wake huandikwa Pan. Kuna nyingine zinazoshika ya falciparum tu, na nyingine za aina iitwayo vivax tu, ambazo huandikwa Pv. Ya tatu ni aldolase, nayo ni ya aina zote, ila vipimo vinavyoitumia ni vichache.

Kwa hiyo mbele ya jibu lolote lisiloeleweka, swali la kwanza ni hili: kipimo hiki kinatafuta protini gani? Jibu lipo kwenye boksi na kwenye karatasi ya maelekezo, ile inayotupwa siku boksi linapofunguliwa. Itunzeni.

Na kuhusu C: mstari huo unathibitisha kwamba maji yamepita kwenye kitepe na chembe za rangi zinafanya kazi, basi. Hauthibitishi kwamba damu ilitosha. Kwenye vipimo vingi utatokea hata kama damu haikuwekwa kabisa. Wala hauthibitishi kwamba mstari wa Pf haujaunguzwa na joto stoo.

Tatizo: Mstari wa C haukutokea

Hakuna C, hakuna jibu. Hata mstari wa Pf ukiwa umekolea namna gani, usiandike chanya kwenye rejesta. Andika "batili" na upime upya.

Chanzo kinachoongoza ni bafa pungufu. Hesabu ya matone hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na aliyezoea kipimo cha mwaka jana huendelea na hesabu ya mwaka jana. Angalia pia unavyoshika chupa. Ikilazwa, tone linatoka dogo na mara nyingi linabeba kiputo cha hewa, ukahesabu matone wakati mojawapo lilikuwa upepo. Isimamishe wima, mdomo ukielekea chini, bila kugusa kaseti. Kwa bafa za vichupa vya kutumia mara moja, kinyanyue kwenye mwanga kabla ya kukikata, kwa sababu vingine hufika vikiwa vimevuja au kukauka nusu. Kichupa chenye maji pungufu kitupe pamoja na kaseti yake. Usiazime maji ya mwenzake.

Kinachofuata ni kukosea tundu: bafa kuwekwa palipotakiwa damu. Kisha unyevu. Ndani ya kila pakiti kuna kifuko kidogo cha kukausha unyevu, na vingi hubadilika rangi vikishanyonya maji. Rangi ikiwa imebadilika, au pakiti ina tundu hata la sindano, kaseti hiyo haifai hata kama tarehe yake ya kuisha muda bado mbali.

La kufanya: kaseti mpya, damu mpya, matone kwa hesabu ya karatasi. Usiongeze tone baada ya dakika kumi ili "kuisaidia" ile ya kwanza. Kaseti mbili za boksi moja zikikataa C mfululizo, acha kutumia boksi hilo na uende kwenye sehemu ya mwisho ya makala hii.

Tatizo: Dirisha limejaa wekundu, damu haisafiri

Karibu kila mara ni damu nyingi. Vipimo vingi vinahitaji mikrolita 5 tu, tone ambalo halifiki hata ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Mpimaji anayekamua kidole moja kwa moja juu ya tundu hawezi kupata kipimo hicho. Tumia kifaa cha kuvutia damu kilichomo kwenye boksi na ujaze mpaka kwenye alama.

Vyanzo vingine: kaseti ilishikwa mkononi au kuwekwa pajani badala ya mezani, maji yakapanda upande mmoja. Spiriti haikukauka kidoleni kabla ya kutoboa, ikapasua chembe za damu. Damu ilikaa mpaka ikaanza kuganda. Kama wekundu unaficha mahali mistari inapotakiwa kukaa, huna jibu, rudia. Kama mandhari yana wekundu hafifu lakini mistari inasomeka bila shaka, soma.

Tatizo: Jibu ni hasi lakini mgonjwa yu hoi

Tuanze na onyo. Mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayepumua kwa shida, mwenye viganja vyeupe, macho ya manjano au mkojo wa rangi ya kokakola, hasubiri marudio ya kipimo. Anapelekwa kituo kikubwa sasa hivi, na huko ataangaliwa malaria kali pamoja na magonjwa mengine yanayofanana nayo. Mtu mzima mwenye dalili hizo vivyo hivyo. Kipimo hasi hakimzuii mgonjwa kupewa rufaa.

Kama dalili hizo hazipo, pitia vyanzo hivi kwa mpangilio.

*Homa si ya malaria.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa wingi, na ndicho kigumu kukubalika. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara na kuchapishwa mwaka 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Malaria ilikutwa kwa takriban 1 kati ya 10. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Ukiongeza dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, UTI, homa ya matumbo na virusi visivyo na jina mtaani, utaona kwamba kipimo hasi mara nyingi kinasema kweli. Kosa kubwa ni kumpa mgonjwa dawa mseto ya malaria "kwa usalama" na kumrudisha nyumbani na nimonia yake. Hesabu pumzi za mtoto. Tazama masikio, koo, mkojo.

*Jibu lilisomwa mapema, au damu haikutosha.* Foleni ikiwa ndefu, watu husoma dakika ya tano. Mstari wa C hutoka haraka, na wa Pf wenye vimelea vichache unakuja baadaye. Karatasi inasema dakika 15 au 20, kulingana na kipimo: weka saa ya simu. Upande wa damu, kumbuka nilichosema kuhusu C. Kaseti isiyo na damu ya kutosha itakupa C nzuri na jibu hasi safi kabisa.

*Vimelea bado ni vichache.* mRDT nzuri zinaaminika kuanzia takriban vimelea 200 kwa mikrolita moja ya damu, na chini ya hapo zinapata na kukosa. Mtu yuko chini ya kiwango hicho siku za mwanzo wa homa, au akiwa amemeza vidonge vilivyobaki kabatini kabla ya kuja. Waulize kwa upole, kwa sababu wengi wanaogopa kugombezwa. Mjamzito ana jambo lake: falciparum hujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya kidoleni ikabaki na vimelea vichache wakati kondo limejaa. Na Zanzibar, ambako malaria imepungua sana, maambukizi mengi yanayobaki ni ya kiwango cha chini kiasi kwamba vipimo vya vinasaba vinayaona na mRDT haiyaoni. Kama homa inaendelea, rudia kipimo baada ya saa 24 hadi 48, au mapema zaidi hali ikibadilika, na pawepo na hadubini ikiwezekana.

*Ni malaria ya aina nyingine.* Kama kaseti yako ina C na Pf peke yake, haina uwezo wa kuona malariae, ovale wala vivax. Si ubovu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hata kaseti yenye Pan hupata shida na malariae na ovale, kwa sababu aina hizo mbili huwa na vimelea vichache kwenye damu na mstari wa Pan hauna ukali wa ule wa HRP2. Mgonjwa ambaye homa inampanda kila baada ya saa 72, inamwachia, kisha inarudi, anahitaji slaidi ya hadubini na jicho linalojua kutofautisha aina, kwa kuwa malariae huenda kwa mzunguko huo. Vilevile anayetoka Ethiopia, India au Pakistan, ambako vivax ni ya kawaida: muulize safari zake za mwaka mzima uliopita. Wiki hii pekee haitoshi.

*Vimelea ni vingi kupita kiasi.* Linaonekana kinyume na akili, lakini hutokea. HRP2 ikifurika, kingamwili za mstari na zile za dhahabu zote hujazwa kila moja kivyake, na hakuna kinachobaki cha kuziunganisha. Mstari unatoka hafifu au hautoki. Hali hii inajulikana zaidi kwenye vipimo vya HRP2, na mgonjwa wa namna hiyo huwa mahututi. Maabara hulithibitisha kwa slaidi, au kwa kuichanganya damu na maji ya chumvi ya hospitali mara kumi na kupima tena. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa maabara, asijaribu mtu mwingine.

*Vimelea havina HRP2.* Kuna falciparum waliopoteza jeni ya HRP2, na pengine ya ndugu yake HRP3, ambayo inafanana nayo kiasi cha kushikwa na kingamwili zile zile. Mara ya kwanza waliripotiwa kutoka Amazon ya Peru, mwaka 2010. Mwaka 2016 Eritrea ilikuta wagonjwa wa hospitali za Ghindae na Massawa wenye vimelea tele kwenye hadubini huku mRDT ikisema hasi, na nchi ikalazimika kubadili vipimo. Tangu hapo Ethiopia na Djibouti nazo zimekutwa na tatizo hilo kwa kiwango cha kutisha. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi iachane na vipimo vinavyotegemea HRP2 pekee pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wenye dalili wanapata hasi kwa sababu ya jeni kupotea. Kwa mpimaji wa Tanzania au Kenya hiki ni chanzo cha mwisho kwenye orodha, lakini kisifutwe. Ukikuta slaidi yenye falciparum waliojaa na mRDT hasi, ukarudia kwa kaseti ya boksi jingine ikawa hasi tena, toa taarifa kwa mratibu wa malaria wa wilaya na utunze sampuli ya damu iliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio. Kubadili vipimo kuna gharama yake pia: vya pLDH kwa jumla haviwezi kuona vimelea vichache kama vya HRP2, na mara nyingi havivumilii joto kama hivyo. Ndiyo maana uamuzi huo unafanywa na nchi kwa takwimu. Kituo hakiamui peke yake.

Tatizo: Dozi imeisha, kipimo bado chanya

"Nesi, mtoto amemaliza vidonge vyote, mbona mistari miwili?" Na kweli amemaliza. Mama amebeba pakiti tupu ya ALu, dawa mseto ya malaria, kama ushahidi, na mtoto anakimbia uani.

Chanzo kikubwa, kwa mbali, ni HRP2 iliyobaki. Vimelea vimekufa lakini protini yao bado inazunguka, kama jivu linalobaki jikoni moto ukishazimwa. Inaweza kudumu wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi, hasa kwa aliyekuwa na vimelea vingi tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo mRDT ya HRP2 haitumiki kuangalia kama dawa imefanya kazi. Mtoto asiye na homa, anayekula na kucheza, hahitaji kipimo wala dozi ya pili. Mpongeze mama na umwambie arudi homa ikirudi.

pLDH hutengenezwa na vimelea vilivyo hai, kwa hiyo mstari wake hupotea ndani ya siku chache hadi wiki hivi. Hapa kaseti ya Pf/Pan inaongea kidogo: Pf peke yake bila Pan, siku kumi baada ya dozi, inaelekea zaidi kwenye mabaki. Inaelekea tu, kwa sababu Pf bila Pan huonekana pia kwa maambukizi mapya yenye vimelea vichache. Na Pan inaweza kuchelewa kupotea kwa sababu ya gametosaiti, vimelea vya uzazi vinavyobaki baada ya vile vinavyoleta homa kufa.

Mambo hubadilika kama homa imerudi. Hapo chunguza:

Dozi ilimezwaje? ALu ni dozi 6 ndani ya siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Uliza kila dozi na saa yake. "Amemaliza" mara nyingine ina maana dozi mbili zilitapikwa na hazikurudiwa, au vidonge viligawanywa kati ya watoto wawili.

Kama dozi ilikwenda sawa na homa imerudi ndani ya siku 28, hiyo ni kazi ya hadubini. Slaidi ikiwa na vimelea, mgonjwa anapewa dawa nyingine kwa mwongozo wa taifa, na haitoshi kumrudishia ile ile. Usilipuuze hili, hasa mkoani Kagera, ambako watafiti wamekuta falciparum wenye badiliko la R561H linalochelewesha vimelea kufa kwa dawa za artemisinini. Rwanda ililiona kabla yetu.

Na kama homa imerudi baada ya miezi, jibu likiwa Pan bila Pf, fikiria ovale au vivax iliyokuwa imelala kwenye ini. Nalifafanua hapa chini.

Tatizo: Mistari ya Pf na Pan haieleweki

Kwa kaseti ya aina ya HRP2 pamoja na Pan, ambayo ndiyo inayowachanganya watu zaidi:

C na Pf: falciparum, au mabaki yake.

C, Pf na Pan: falciparum. Wengi huandika "malaria ya mchanganyiko" wakiona mistari mitatu, na si sahihi. Pan hushika pLDH ya falciparum pia, kwa hiyo falciparum peke yake mwenye vimelea vya kutosha huwasha mistari yote. Mchanganyiko unaweza kuwepo ndani yake, ila kaseti haina namna ya kukuambia. Awe peke yake au amechanganyika, mgonjwa anatibiwa kama wa falciparum, na hilo halibadiliki.

C na Pan tu: hapa tulia. Kwa kawaida ni malariae, ovale au vivax. Kumbuka pia yule falciparum asiye na HRP2, kwa sababu yeye naye anawasha Pan pekee akiwa na vimelea vingi. Mgonjwa mwenye hali mbaya na Pan pekee asichukuliwe kuwa na "malaria nyepesi". Tengeneza slaidi kabla ya dawa, kisha mtibu.

Kuwaua vimelea vya damu, dawa mseto inawafaa wote. Tofauti iko kwenye ini. Ovale na vivax huacha vimelea vilivyolala humo, vinavyoweza kuamka baada ya wiki au miezi bila mbu yeyote kuuma tena. Kuving'oa kunahitaji primaquine au dawa ya jamii yake, na hapa nasimama: primaquine ya siku nyingi haitolewi bila kupima G6PD, kwa sababu mwenye upungufu wa kimeng'enya hicho, ambao si adimu kwenye mwambao wetu, anaweza kuvunjika chembe za damu mpaka hali ikawa ya hatari. Haipewi mjamzito. Si dawa ya kununua dukani kwa kuelekezwa na makala, hii au nyingine yoyote. Mpeleke mgonjwa kwa daktari.

Kwa aliyesafiri Malaysia, hasa Borneo, kuna knowlesi, malaria ya nyani inayompata binadamu. mRDT huipata kwa kubahatisha, nayo huzidi haraka kwa kuwa huongezeka kila saa 24. Hospitali, hadubini, kipimo cha vinasaba.

Jambo dogo linaloumiza wengi: mpangilio wa mistari haufanani. Kwenye kaseti moja Pf iko karibu na C, kwenye nyingine Pan ndiyo iko karibu. Bohari ikibadilisha mtengenezaji, bandika mchoro wa karatasi mpya ukutani siku hiyo hiyo.

Tatizo: Mstari ni hafifu

Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda wa kusoma ni chanya. Ukolevu hauhesabu vimelea, na "malaria moja" au "malaria tatu" haisomwi kwenye mRDT. Peleka kaseti penye mwanga wa dirisha, uishike bapa, mtu wa pili aitazame bila kuambiwa ulichoona.

Mstari ambao haukuwepo dakika ya 20 ukaja baada ya saa moja si jibu. Kitepe kinapokauka kinaweza kuonesha kivuli. Kaseti iliyofungwa kwenye tishu na kuletwa jioni kutoka kituo kingine haisomwi, mgonjwa anapimwa upya.

Mara chache mstari wa uongo unatokana na mgonjwa mwenyewe, hasa mwenye kiashiria cha baridi yabisi kwenye damu, kinachounganisha kingamwili za kitepe bila malaria kuwepo. Mara nyingi zaidi unatokana na bafa. Bafa ya boksi jingine, maji ya dripu, maji ya bomba: vyote vimethibitika kuleta mistari ya uongo. Bafa ikiisha, kaseti zilizobaki haziwezi kutumika.

Tatizo: mRDT na hadubini hazikubaliani

mRDT chanya, slaidi hasi: mabaki ya HRP2 baada ya matibabu ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Ya pili, falciparum hujibana kwenye mishipa midogo ya ndani ya mwili, slaidi ya kidoleni ikakosa vimelea huku protini yao ikimwagika damuni. Kwa mgonjwa aliye mahututi ambaye hajatibiwa malaria hivi karibuni, usiitupe mRDT kwa sababu ya slaidi moja. Ya tatu ni slaidi yenyewe: rangi ya giemsa iliyochakaa, tone nene lililobanduka wakati wa kuosha, au msomaji aliyetazama sehemu chache mno.

mRDT hasi, slaidi chanya: rudi kwenye orodha ya jibu hasi. Na ujiulize kwanza kama slaidi inasema kweli, maana vumbi na punje za rangi vimewapa watu wengi "vijidudu viwili" ambavyo havikuwepo. Msomaji wa pili aiangalie.

Tatizo: Boksi zima halieleweki

Chanya zikipanda ghafla bila msimu, au hasi zikimiminika wakati wodi imejaa malaria, shuku hifadhi. Vipimo vingi vinahitaji kisichozidi nyuzi joto 30, vingine 40, na hakuna kinachotakiwa kugandishwa. Stoo ya mabati bila dari inavuka hapo saa nane mchana, na boksi lililosafiri kwenye buti la gari au juu ya pikipiki siku nzima limepikwa kabla halijafika. Weka kipimajoto stoo na uandike usomaji wa saa nane mchana, kwani wa asubuhi unakudanganya. Kama kituo kinahifadhi kwenye friji, toa pakiti na uiache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, la sivyo umande utaingia kwenye kitepe.

Ukaguzi mwepesi: chukua boksi la toleo (lot) jingine, pima wagonjwa wale wale kwa kaseti zote mbili, na slaidi ikiwezekana. Zikitofautiana, simamisha toleo hilo. Usilirudishe rafu moja na mengine, litenge na ulibandike karatasi. Andika jina la kipimo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, tarehe mlipolipokea, idadi ya kaseti zilizokosea na kosa lenyewe, kisha piga picha kaseti ndani ya muda wa kusoma. Taarifa iende kwa mratibu wa maabara wa wilaya na kwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, au kwa mamlaka inayosimamia vifaa tiba kama uko nje ya Tanzania Bara. Wagonjwa waliopata hasi kwa toleo hilo siku za karibuni na wana namba za simu kwenye rejesta wapigiwe, warudi kupimwa, kuanzia watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito.